Mgeni Shambani kwa Zabibu: Maandalizi ya Safari kutoka Kipsing

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na wengi wetu tumeifundisha, lakini ni nadra tujiulize mgeni huyo aje lini, aje vipi na aje na nini mkononi ili mwenyeji apone kweli. Insha hii yalitazama swali hilo kwa njia ya safari ninayoipanga mwezi Agosti, kutoka Kipsing, Kaunti ya Isiolo, hadi kwenye shamba dogo la zabibu la familia moja huko Hombolo, nje ya mji wa Dodoma nchini Tanzania. Aliyenialika ni mwanafunzi mwenzangu wa shahada ya uzamili, binti wa Kigogo, ambaye baba yake analima ekari mbili za mizabibu.

Msomaji atauliza: mtu wa Kipsing na zabibu wapi na wapi? Kwetu ni nchi ya migunga, mbuzi na mto wa mchanga. Ukweli ni kwamba nilifika shambani kwa njia ya kamusi kabla ya kufikiria barabara. Lugha yetu ina maneno mawili makuu ya kinywaji kitokanacho na zabibu, na kila moja limebeba wageni wake. Neno mvinyo latokana na Kireno vinho, nalo ni ukumbusho wa mabaharia waliofika pwani yetu kuanzia 1498. Neno divai hunasibishwa na Kifaransa du vin, nasi twajua kwamba mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, na divai ya misa ni kitu ambacho padre hawezi kukikosa. Katika Biblia ya Kiswahili ya 1952, maji ya harusi ya Kana yanageuka kuwa divai. Zabibu lenyewe ni neno la Kiarabu, na huko asilia lilimaanisha tunda lililokaushwa. Kwa hiyo Mswahili alilijua neno kabla ya wengi wa wasemaji wake kuuona mzabibu ukiwa umesimama shambani. Mimi ni mmoja wao.

Huko Ufaransa, lilikotoka neno divai, kuzuru nyumba ndogo za watengenezaji wa divai ni desturi yenye adabu zake. Katika majimbo kama Bourgogne na Champagne, familia nyingi zenye mashamba madogo hazina duka wala mtu wa kukaa mlangoni kungoja wapiti njia. Anayekufungulia ghala ndiye yule yule aliyekuwa akipogoa mizabibu asubuhi. Kwa sababu hiyo mgeni huandika au hupiga simu mapema, hupewa siku na saa, na huepuka majira ya mavuno, ambayo aghalabu huangukia Septemba, kwani wakati huo mwenyeji hana mkono wa kukupa. Aliyeonjeshwa divai bila malipo huona haya kuondoka bila kununua walau chupa moja. Niliposoma habari hizi sikuona ugeni wowote ndani yake. Kipsing, mtu afikaye kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto haswagi mifugo yake moja kwa moja hadi majini. Husimama mbali, huamkua, huulizwa habari za atokako, kisha hungoja zamu aliyopangiwa na wenye kisima. Jasho la aliyechimba ndilo humpa haki ya kupanga foleni.

Hata hivyo, kalenda ya Dodoma haifanani na ya Ufaransa, na hapa ndipo mpango wangu ulipopata umbo. Kule Ulaya baridi huulaza mzabibu, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Ni kisu cha mkulima kinachouambia mzabibu ulale na uamke. Akishapogoa, hungoja takriban miezi minne, kisha huvuna. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya Februari huangukia wakati wa mvua, na ya Agosti huangukia kiangazi. Upande wetu, mto wa Kipsing hufurika katika mvua za Aprili na za Novemba, na ukifurika hakuna gari livukalo. Agosti mchanga ni mkavu. Kwa hiyo mito miwili ya hesabu, wa nyumbani na wa ugenini, inakutana Agosti.

Lakini Agosti ni mavuno, na mavuno ndiyo majira ambayo mgeni mwenye adabu hukaa mbali. Nilimwandikia mwenzangu nikamweleza wasiwasi huo. Jibu lake lilikuwa fupi: “Baba anasema uje. Anauliza kama unajua kushika makasi.” Wahenga walikwisha kulijibu hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika familia hii jembe litatolewa siku ya kwanza, nami nimeliridhia. Anayekwenda wakati wa kazi na aende kufanya kazi.

Njia yenyewe ni ndefu lakini haina fumbo. Kutoka Kipsing ni barabara ya vumbi hadi mjini Isiolo, kisha lami kupitia Nanyuki hadi Nairobi. Kutoka Nairobi ni Namanga, ambapo pasipoti hupigwa muhuri na shilingi hubakia na jina lile lile huku thamani ikibadilika. Halafu ni Arusha, Babati, Kondoa na Dodoma. Nimetenga siku tatu za kwenda, pamoja na usiku mmoja Nairobi na mmoja Arusha, maana sitaki kufika kwa watu nikiwa nimechoka hadi nikose maneno ya salamu. Nimejifunza salamu ya Kigogo, mbukwenyi, na mwenzangu amenionya kwamba wazee hawataridhika na neno moja tu la kuamkuliana. Wagogo, kama sisi, ni watu wa ng’ombe. Habari za mifugo huulizwa pia.

Suala la zawadi lilimshughulisha mama kuliko nauli. Alipoambiwa kwamba nakwenda kwa watu walimao tunda la pombe, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Utakwenda kunywa?” Nikamjibu kwamba nakwenda kukata matunda na kusikiliza. “Basi usiende mikono mitupu,” akasema. Kwetu mgeni hubeba sukari na majani ya chai, na hivyo nitavinunua Dodoma mjini. Lakini mama ameongeza kibuyu cha maziwa, kile kinachosafishwa kwa makaa ya mti hadi maziwa yakapata harufu ya moshi. Alisema mama wa nyumba ile atajua matumizi yake bila kufundishwa. Sikubishana naye.

Jambo zito la safari hii, hata hivyo, limo katika msamiati. Mwenzangu aliniambia kwamba wasipompata mnunuzi wa zabibu wao huuza mchuzi. Nilicheka, kwani Kenya mchuzi ni wa nyama au kunde. Yeye hakucheka. Mchuzi wa zabibu ni maji yaliyokamuliwa, ambayo mkulima huyauzia viwanda vya mvinyo. Zabibu iliyovunwa haingoji. Ikikaa juani siku chache huharibika, na mnunuzi alijuaye hilo ana nguvu ya kutaja bei. Kukamua ni njia ya mkulima mdogo ya kununua muda. Msimu uliopita familia hii ilikosa mnunuzi wa zabibu kwa sehemu kubwa ya mavuno, na mapipa ya mchuzi hayakutosha. Sasa baba mtu anafikiria kung’oa ekari moja apande alizeti. Mizabibu ile aliipanda mwenyewe mwaka aliozaliwa binti yake. Uamuzi utafanywa baada ya mavuno ya Agosti. Huenda basi nikawa miongoni mwa watu wa mwisho kuvuna ekari ile, na neno mchuzi katika daftari langu halitakuwa tena kichekesho cha lahaja.

Najua kwamba mgeni mmoja mwenye makasi na kibuyu hataokoa ekari moja ya mizabibu. Lakini nina sababu ya nyumbani ya kutaka kufika kule kama mgeni. Katika mipango ya Ruwaza ya 2030 na ya mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, Pengo la Kipsing lilitajwa kuwa mahali pa kujengwa mji wa kitalii. Mji huo ungali kwenye karatasi. Siku utakapojengwa, watafika watu watakaotaka kuonja maziwa yetu, asali ya mizinga yetu na nyimbo za visimani, kisha waende zao. Wazee wetu huuliza wataambiwa na nani kwamba kisima kina mwenyewe.

Ningependa kuwa na jibu. Siwezi kudai wageni wa kesho wasimame mbali na kuamkua ikiwa mimi leo naingia katika shamba la mtu kama aingiaye sokoni. Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao kazi yetu hutupeleka vijijini tukiwa na daftari na vinasa sauti, hili latuhusu kwa namna ya pekee. Twaomba maneno, na maneno nayo ni mavuno ya watu. Tutoe habari mapema, tufuate kalenda ya mwenyeji, tubebe cha kutoa, na tukikuta kazi tushike kazi. Hapo ndipo mwenyeji atapona, japo kidogo.