Pembe Zilizopita Bagamoyo

Mto Connecticut unapokaribia bahari, kusini mwa jimbo lenye jina hilohilo hapa Marekani, unapita miji midogo ambayo kwetu hakuna anayeijua: Deep River, Essex, na pembeni kidogo kijiji cha Ivoryton. Lakini miji hii ilikula kwa mzigo wetu. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pembe za ndovu zilizonunuliwa Zanzibar zilisafirishwa mpaka huku, zikakatwa kwa misumeno ya mashine kuwa vitana na vibonyezo vya piano. Kampuni mbili, Pratt, Read & Co. na Comstock, Cheney & Co., zilijipatia utajiri kwa kazi hiyo. Kiwanda cha Pratt, Read kilichojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1881 bado kimesimama pale Deep River. Siku hizi ni nyumba za kuishi.

Mimi ni mtoto wa Bagamoyo, na ninafanya mafunzo kwa vitendo katika makumbusho madogo ya historia ya vyombo vya majini eneo hili. Makumbusho madogo hayana idara. Aliyepokea wageni asubuhi ndiye atakayefuta vumbi mchana, na jioni ataketi kuandika kadi za vitu: namba, urefu, kimetengenezwa kwa nini, nani alikitoa. Kazi hii naipenda kwa dhati. Inamfundisha mtu kukitazama kitu kimoja kwa muda mrefu kabla ya kukisemea.

Kitu nilichokitazama kuliko vyote ni kisanduku cha vipande vya pembe ambavyo havikuwahi kugundishwa kwenye piano. Ni vyembamba kama ukucha. Vimepangwa viwiliviwili, kipana cha mbele na chembamba kinachopita kati ya vibonyezo vyeusi. Ukikiinua kimoja kwenye mwanga unaona mistari ya jino lenyewe. Weupe ule haukuja hivihivi: vipande vilianikwa juani kwa wiki nyingi ndani ya mabanda marefu ya vioo.

Kadi ya zamani ya kisanduku hicho ilitaja kiwanda, mwenye kiwanda na aina ya msumeno. Mahali palipotakiwa asili yake paliandikwa neno moja tu: Afrika.

Neno hilo liliniuma. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni njia ya kilomita zipatazo 1,200, na kila pembe ilibebwa begani. Wako Wanyamwezi waliokuwa wapagazi kwa ujira, watu wenye ujuzi na sifa zao; wako na watumwa waliobebeshwa kisha nao wakauzwa. Wote hao wamefunikwa na neno moja. Nilipompigia simu shangazi kule Bagamoyo nikamweleza, alikaa kimya, kisha akasema, “Mwanangu, si umwambie huyo mkubwa wako kwamba zilipita hapa?”

Nilimwambia. Mama yule anayeniongoza, mwalimu mstaafu, alivuta kiti tukaandika kadi mpya pamoja: bara, Tabora, Bagamoyo, Zanzibar, wapagazi wa ujira na watumwa. Jina la mpagazi hata mmoja hatukuwa nalo la kuandika. Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar aliyefika New York mwaka 1840 na meli ya Sultana, alichorwa picha ya rangi ambayo ipo mpaka leo. Aliyebeba pembe hakuchorwa.

Hapo ndipo ninapozipima nyumba zangu mbili. Huku mji wenye watu elfu chache unatunza daftari la nahodha, risiti ya kamba, hata barua ya malalamiko ya karani. Wananchi wa kawaida wanajitolea Jumamosi zao kwa ajili hiyo, na ninawaheshimu sana. Kwetu fundi wa majahazi bado yupo ufukweni anapiga mkuku, anapanga mataruma, anakalafati kwa pamba, na yote yamo kichwani mwake. Akifa, hakuna kadi. Tumezoea kulaumu kwamba historia yetu imechukuliwa. Ni kweli, sehemu kubwa imechukuliwa. Lakini hii ya ufukweni hakuna aliyeichukua; tunaiacha wenyewe.

Basi wenzangu mlioko ughaibuni, hasa miji ya bandari kama Salem, ambayo wafanyabiashara wake walikuwa Zanzibar tangu miaka ya 1830: nendeni kwenye makumbusho madogo ya jirani, ombeni kuona vitu vya Afrika Mashariki, msaidie kuandika kadi zake. Na mlioko nyumbani, mwenye babu au mjomba fundi wa majahazi Bagamoyo, Nungwi au Matondoni, chukua simu yako umrekodi mwaka huu, aeleze kazi kuanzia kuchagua mti hadi kushusha chombo majini, na umuulize majina ya waliomfundisha.