"HAYO" YALINILA MSHAHARA!

Hebu msomaji wangu, leo tuanze na swali. Yale manyoyamanyoya ya kijivu yanayobaki kwenye mashine ya kukaushia nguo, wewe unayaitaje? Usiniambie vumbi. Vumbi ni la barabarani. Mimi nilikosa jibu la swali hilo, na kukosa kwangu kulinila nusu mshahara kwa miezi miwili.

Basi bwana, ilikuwa mwaka 2008. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, watu wananiambia "pole" badala ya "hongera". Shangazi akanihurumia, akanitafutia kibarua cha udobi kwenye nyumba ya wageni moja pale Mbeya (jina naliminya, watoto wa watu wanakula pale).

Kama hujafika Mbeya, jua kwamba mvua ikifungua Novemba, mpaka Aprili inakuwa ni yeye na wewe. Shuka unaianika Jumatatu, Jumatano unaianua ingali mbichi na inanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Wageni wakalalamika, tajiri akaleta mashine. Usidhani ile draya ya saluni ya kuvaa kichwani! Hili ni dubwana refu kama friji, lina mlango wa kioo wa duara, ndani pipa linazunguka na hewa ya moto inapita.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa mama mmoja wa Tukuyu tuliyemwita Mama Mkubwa. Akachomoa chujio la mashine, akakwangua kwa kidole. Kikatoka kitu kizima kizima, laini, kijivu, kama blanketi la mtoto mchanga.

"Mama, haya yanaitwaje?"

"Hayo? Hayo ni hayo, mwanangu. Kila ukimaliza mzigo mmoja, toa hayo."

Somo likaishia hapo. Hakuniambia kwamba ni nyuzi za pamba zinazokatika nguo zikifuliwa na kuzungushwa, na kwamba taulo jipya ndilo linaloongoza kwa kuzimwaga. Wala hakuniambia kwamba zikijaa kwenye chujio hewa haipiti, joto linabaki ndani, na zenyewe zinashika moto upesi kuliko karatasi. Na mimi, nitasema ukweli, sikuuliza. Nilikuwa najifanya mjanja wa mjini.

Sasa njoo usiku wa tukio. Januari, nyumba imejaa wageni wa harusi, mvua inapiga bati. Niko zamu peke yangu. Mama Mkubwa anaondoka, mwavuli mkononi, anapita mlangoni:

"Mwanangu, umetoa hayo?"

"Nimetoa, mama!"

Sikumdanganya! Nilikuwa nimetoa mataulo. Kiswahili unakijua mwenyewe: mataulo ni hayo, mashuka ni hayo, na manyoya nayo ni hayo. Yeye anaulizia manyoya, mimi namjibia mataulo, na wote wawili tumeridhika. Akaenda zake kulala.

Nikapiga mzigo wa pili, wa tatu, wa nne. Chujio sijaligusa. Wa tano ukiwa ndani nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya suruali. Kugeuka, moshi huo! Nikazima umeme ukutani, mlango wa mashine nikauacha umefungwa, nikapiga ukelele ambao hadi leo unanitia aibu.

Mbeya bwana, usiwachezee watu kwa moshi. Soko la Mwanjelwa lilikuwa limeungua mwaka 2006, watu walikuwa hawajasahau. Wageni wote wakatoka nje mvuani. Bwana harusi mtarajiwa yuko pekupeku, amejifunga blanketi, na mzee mmoja kabeba redio tu, viatu kaacha.

Moto ukafa wenyewe humo ndani. Mashine ikapona, mataulo manne yakawa mkaa. Sikucheka usiku ule. Korido ya kutokea wageni ilikuwa moja tu, na chumba chetu cha udobi kilikuwa mwanzoni mwake. Fikiria mwenyewe.

Asubuhi bosi katuweka kikao. Mama Mkubwa analia, "Nilimuuliza, akasema ametoa hayo." Mimi nalia, "Niliyatoa hayo!" Bosi katuangalia kama vichaa. "Hayo ndiyo nini? Kitu kinataka kuniunguzia nyumba halafu hakina jina? Tafuteni jina, liandikwe kwenye daftari la zamu, kila mtu atie sahihi. Mshindi nampa chipsi mayai na soda."

Hapo sasa ndipo vipaji vilipotoka! Mlinzi akasema "nongo za shuka", kama zile zinazotoka mwilini ukijisugua na jiwe. Bosi akakataa, wageni watakimbia. Mpishi aliyetokea Tanga akaleta "machicha ya taulo", eti kama nazi ikishakamuliwa. Mwingine akasema "ukoko". Kijana wa mapokezi, akikumbuka kwamba mitumba watu waliita kafa Ulaya, akapendekeza "kafa mashineni". Tulicheka mpaka bosi akasahau kwamba amekasirika.

Aliyeshinda ni Mama Mkubwa mwenyewe. Alikaa kimya muda wote, halafu akasema: "Si kuna kauka nikuvae, ile nguo yako moja ya kufua na kuvaa? Basi hii ni kaukanibaki. Nguo zinakauka zinaondoka, yenyewe inabaki." Chipsi mayai akanigawia nusu, na machozi yakanitoka tena.

Usituone wahuni. Daladala ilitungwa na nani, kama si watu wa mtaani walioiita dala shilingi tano ya nauli? Na kipilefti je, si kibao tu cha barabarani? BAKITA wapo tangu 1967 wanasanifu maneno, lakini sisi tulikuwa na haraka. Hata Marekani, mchekeshaji Rich Hall miaka ya 1980 aliufanya mchezo huu kwenye televisheni, kubuni maneno ya vitu visivyo na jina, akayaita sniglets na kuyatolea vitabu. Na kuhusu moto, huko huko Marekani kati ya 2008 na 2010 walikadiria mioto 2,900 kwa mwaka ya mashine hizi majumbani, sababu inayoongoza ikiwa ni kutosafishwa. Kumbe sikuwa peke yangu.

Daftari likaandikwa: "Kaukanibaki imetolewa?" Wengine wakabisha iwe "yametolewa". Ugomvi huo haukuisha mpaka naondoka.

Mwaka 2011 nikahamia Iringa, kazi ile ile, nyumba nyingine. Nimefika na neno langu mkononi kama shahada. Dada mmoja wa Mafinga kanisikiliza mpaka mwisho, kacheka. "Kaka, sisi tunaita sweta la panya." Akafungua kabati la nyuma ya mashine, akanionyesha: panya kajitengenezea kiota cha manyoya yale, kalala raha mustarehe na baridi ya Iringa ile! Ningebisha nini? Tukapiga kura, nikapata moja, yangu. Dada huyo sasa ndiye mama watoto wangu, kwa hiyo hata nyumbani kwetu ni sweta la panya.

Kaukanibaki nayo haikufa. Juzi nimeenda Mbeya kwenye harusi, nikasikia binti anamlalamikia mwenzake: "Shughuli imeisha saa nane, huyu kaukanibaki bado anauliza kama pilau imebaki." Nikataka kumweleza historia ya neno lake. Kabla sijafungua mdomo, nyuma yangu mtu kaita:

"We Hayo! Hayo!"

Nikageuka. Alikuwa yule mlinzi wetu.