Gundi ya Baba

Baba ni fundi viatu. Tangu nikiwa mtoto vidole vyake vinanukia gundi. Kuinama kutwa kulimharibu mgongo, kwa hiyo kila asubuhi alimeza vidonge viwili vya diklofenaki, mara nyingi kabla hajatia kitu tumboni, akaenda zake kibandani. Vidonge hivyo nilikuwa nikimnunulia mimi. Nilipopata kazi mjini, ndiyo ilikuwa zawadi yangu ya kila mwezi.

Mwaka jana Mama alinipigia simu usiku. Baba alikuwa ameanguka chooni. Kwa siku tatu alikuwa akipata choo cheusi kama lami, na hakumwambia mtu.

Hospitalini walimpitishia kamera mdomoni hadi tumboni. Walikuta kidonda, na katikati yake mshipa unaovuja damu. Daktari aliuchoma sindano ya adrenalini, kisha akaubana kwa kibanio kidogo cha chuma. Kesho yake, Baba akiwa bado anaongezewa damu, aliuliza swali la fundi.

"Dokta, si mngetia gundi tu?"

Nikadhani daktari atacheka. Hakucheka.

"Gundi zipo, mzee."

Akamweleza kuhusu gundi ya fibrini, inayotengenezwa kwa protini mbili za damu, fibrinojeni na thrombini. Zikikutana, huganda kama damu inavyoganda kwenye jeraha. Ipo pia sianoakrileti, ndugu wa ile super glue ya dukani, ambayo hukauka mara inapogusa damu. Hiyo hutumika zaidi kuziba mishipa iliyovimba tumboni kwa wagonjwa wa ini.

"Ila iwe gundi, iwe kibanio, kazi yake ni kuzuia damu. Anayeponya ni mwili wenyewe. Ukirudia vile vidonge, kitafumuka."

Baba akatikisa kichwa taratibu. Mimi nikatazama sakafu.

Usiku ule, nikiwa kwenye benchi la wodini, nilisoma habari za gundi hiyo kwenye simu. Mwaka 1942, Harry Coover wa Marekani alikuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Sianoakrileti ikaachwa kwa sababu ilinata kila mahali. Miaka ya baadaye, katika vita vya Vietnam, ilipuliziwa kwenye majeraha ya askari ili damu isimame mpaka wafike kwa daktari wa upasuaji. Haikuwaponya. Iliwapa muda.

Vidonge vyangu havikumpa Baba hata huo muda. Vilinyamazisha mgongo huku vikimla tumbo, na mimi nikahesabu kuwa nimemtunza.

Vipimo vilionyesha pia ana bakteria wa Helicobacter pylori. Akapewa antibiotiki na omeprazo, na diklofenaki ikapigwa marufuku.

Miezi miwili baadaye nilimkuta kibandani. Kijana mmoja alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akimhimiza abandike soli haraka. Baba aliendelea kukwangua kwa msasa.

"Gundi haishiki juu ya uchafu, mwanangu. Subiri."

Kijana alipoondoka, Baba alijinyoosha, akashika kiuno.

"Mgongo unaniuma tangu jana," akaniambia.

Sikumbuki kama aliwahi kuniambia hivyo kabla. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamwuliza unaumia wapi.