Kuchagua Meza ya Heshima

Mtu aliye na njaa ya kazi hachagui sana. Hula penye chakula cha karibu, hulipa, hunawa mikono, huenda zake. Lakini iko njaa nyingine isiyokaa tumboni. Ni njaa ya kumheshimu mtu: mzazi aliyestaafu, ndugu aliyerudi kutoka mbali, mwalimu aliyetufunza, au mke na mume waliotimiza miaka mingi pamoja. Usiku wa heshima ya namna hiyo hauji kila mwezi, na ukiharibika hauponi kwa kurudishiwa fedha. Kwa sababu hiyo kuchagua nyumba ya kula usiku huo ni kazi itakayo akili kama kazi nyingine yoyote. Msomaji, yumkini leo mfuko wako ni mwepesi na meza yako ni ya bwenini, lakini siku yaja ambayo utaulizwa wewe, "Twende wapi?" Ni vema jibu lako liwe limefikiriwa.

Kwetu Lamu kula nje kwa heshima si desturi ya kale. Zamani heshima ililiwa nyumbani. Mgeni alipokewa barazani, akanawishwa kwa birika, akaketishwa juu ya mkeka, na sinia la wali wa nazi na samaki wa kupaka likawekwa katikati, watu wanne au watano wakala pamoja kwa mkono. Mwenye nyumba ya mawe alimwonyesha mgeni wake zidaka za ukutani. Mwenye nyumba ya makuti alimwonyesha uso mkunjufu. Na wote wawili walikuwa wametimiza wajibu wao. Kumpeleka mgeni mahali pa kulipia chakula kungalikuwa kama kumwambia kwamba nyumbani hakuna moto.

Desturi ya meza yenye kitambaa, kisu na uma ilikuja na hoteli za wageni. Nairobi ilipata Hoteli ya Stanley mwaka 1902 na Hoteli ya Norfolk mwaka 1904, na walowezi walikula nyama ya ng'ombe mezani kama walivyozoea kwao. Mwaka 1980 mkahawa uitwao Carnivore ulifunguliwa jijini humo. Nyama ilitungwa katika sime za Kimasai, ikachomwa juu ya makaa, na kinywaji cha vodka, asali na ndimu kiitwacho "dawa" kikapata sifa huko. Visiwani kwetu, Mwingereza Percy Petley aliacha jina lake katika nyumba ya wageni ya Petley's Inn, mbele ya bahari mjini Lamu. Na mwaka 1967 Hoteli ya Peponi ilifunguliwa kijijini Shela. UNESCO ilipoutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, sifa za mji zilizidi kuenea. Basi leo mtu wa Lamu aweza kununua mishikaki ya makaa jioni mjini, na kwa mwendo wa chini ya saa moja akafika mahali ambapo steki huletwa juu ya sahani nyeupe na kokteli huletwa katika bilauri ndefu. Dunia hizi mbili ni majirani, lakini si wote wauvukao mpaka ulio kati yao.

Baba yetu aliuvuka mpaka huo kwa miaka 34, lakini aliuvuka akiwa amesimama. Alikuwa mtumishi wa meza katika hoteli za wageni. Alijua kuvuta kiti bila mlio, kutambua kwa macho steki iliyoiva nusu na iliyoiva kabisa, na kuchukua sinia la bilauri 12 bila tone kumwagika. Hakupata hata siku moja kuketi katika viti vile. Alipostaafu, sisi watoto wake wanne tulikata shauri kumfanyia usiku mmoja wa heshima. Ndugu yetu mdogo afanyaye kazi Doha alileta fedha, akasema, "Kaka, mpelekeni Baba penye steki bora kupita zote. Asile samaki usiku huo." Dada yetu akaaye Mombasa akajibu kwamba nyumba ya steki ni nyumba ya ulevi, na mzee aswaliye safu ya kwanza haonekani humo. Wote wawili walisema kwa mapenzi, na kila mmoja alimwona mwenziwe amemvunjia Baba heshima. Kwa siku tatu maneno ya simu yalikuwa makali. Mimi niliye mkubwa niliachiwa kuamua, na niliona wazi hatari iliyokuwapo: karamu ya kumheshimu mzazi ingaliweza kuvunja umoja wa watoto wake.

Katika uchaguzi wa namna hii swali la kwanza ni "Usiku huu ni wa nani?" Swali la "Nyumba gani?" hufuata nyuma. Ajabu ni kwamba mwenye usiku ndiye asahaulikaye upesi. Vijana wapendao ngoma humpeleka mzee penye ngoma. Wapendao sifa humpeleka penye sifa. Naye hukaa pembeni akitabasamu kwa adabu, akiomba saa ziende. Nilikwenda kwa Baba barazani baada ya sala ya alasiri, nikamweleza shauri letu bila kumficha ubishi wetu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nyama nimeinusa miaka 34, haitanishangaza. Mimi nataka kuketi katika kiti nilichokuwa nikiwavutia wengine. Ulevi niliuchukua kwa mikono, haukuingia kinywani; lakini usiku huo sitaki uwe mezani kwangu." Maneno hayo yalimaliza nusu ya kazi. Ndugu yetu alitafuta nyama, dada yetu aliogopa bilauri, na Baba alitaka kiti.

Swali la pili lahusu nyumba yenyewe. Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Taa za rangi, picha nzuri na majina makubwa ni mlango. Mwenye busara huenda mwenyewe mchana, wakati nyumba haijavaa mapambo yake ya usiku, akaangalia na kuuliza. Nilikwenda katika nyumba moja ya ufukweni Shela, ambayo sitaitaja kwa kuwa siandiki tangazo. Nilimwuliza msimamizi kama nyama yake imechinjwa kwa sheria ya Kiislamu, kama huchomwa mbali na nyama nyingine, kama iko meza iliyo kando na mahali pa vileo, na kama asiyekunywa kileo ana kinywaji cha heshima. Alijibu moja baada ya moja, akanifungulia jiko nikaliona. Msomaji, shika kipimo hiki: mwenye nyumba asiyekasirishwa na maswali ndiye astahiliye fedha zako.

Hapa yafaa niseme neno juu ya vinywaji, kwa kuwa vijana hudanganywa na rangi. Kokteli ni mchanganyiko wa kileo kikali na maji ya matunda, sukari au viungo. Vodka peke yake huwa na kileo kiasi cha asilimia 40. Lakini ikichanganywa na asali na ndimu ukali wake hujificha nyuma ya utamu, na mtu huinywa kama sharubati mpaka atakapotaka kusimama. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza kumwuzia kileo aliye chini ya miaka 18. Lamu ni mji wa Kiislamu, na kwa muda mrefu nyumba ziuzazo vileo zimekuwa chache. Hata hivyo si haki asiyekunywa apewe bilauri ya maji matupu kama mtu aliyeadhibiwa. Nyumba njema humpa ukwaju uliochujwa vema, ndimu na tangawizi, maji ya embe, au dafu lililokatwa saa ile ile. Na humletea kwa bilauri ile ile na kwa heshima ile ile.

Swali la tatu ni la nyama. Ng'ombe ana viungo vifanyavyo kazi na viungo vipumzikavyo. Miguu na shingo hufanya kazi mchana kutwa, kwa hiyo nyama yake ni ngumu na hutaka kuchemshwa kwa saa nyingi. Sarara, iliyo kandokando ya uti wa mgongo, haina kazi kubwa, kwa hiyo ni laini na yaiva upesi juu ya moto mkali. Kwa kuwa ng'ombe mmoja ana sarara kidogo, bei yake hupanda. Katika kisiwa pana swali jingine pia: samaki hushushwa gatini hapa hapa, lakini nyama nyingi huvuka maji, na yapasa kujua imehifadhiwaje. Iko pia hoja ya kuiva. Watu wengine hupenda steki yenye wekundu ndani, na wako wadhanio kwamba wekundu ule ni damu. Si damu, ni maji ya msuli yenye kitu kiitwacho mayoglobini. Lakini elimu hiyo si fimbo ya kumpigia mgeni wako. Ndugu yetu alisema kwa simu kwamba wajuzi huila nyekundu. Nilimjibu kwamba mjuzi wa usiku huo ni Baba, naye aitaka iliyoiva kabisa. Mpishi akashauri ikatwe nyembamba ili iive bila kukauka, na hivyo elimu na adabu zikapatana.

Swali la nne ni la njia. Kutoka mji wa Lamu mpaka Shela ni kama kilomita 3, na mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuzitembea usiku juu ya mchanga. Yapasa mashua. Na aitakaye mashua hana budi kujua maji: bahari ikijaa, abiria hushuka gatini kwa hatua moja, ikipwa, huenda akashuka majini na nguo yake ya heshima. Tulichagua usiku ambao maji yangejaa baada ya sala ya Isha na wakati wa kurudi yangekuwa bado yatosha. Hata usiku wenyewe si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 2014, baada ya mashambulio ya Mpeketoni, Lamu iliwekwa chini ya amri ya kutotoka usiku kwa miezi kadhaa. Na tangu Machi 2020 hadi Oktoba 2021 Kenya nzima ilikuwa na amri ya namna hiyo kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Aliyepata kufungiwa mlango magharibi ajua kwamba kutoka usiku na kurudi kwa amani ni neema, hata kama hukula kitu.

Swali la tano ni la bei, nalo huonewa haya bila sababu. Uliza kabla ya kuketi. Uliza kama bei iliyoandikwa ina kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16, na ushuru wa utalii wa asilimia 2, au kama hivyo vitaongezwa mwishoni. Weka kando bakshishi ya mtumishi tangu nyumbani, isiwe chenji iliyobaki. Karamu ya deni huliwa usiku mmoja na kulipwa miezi sita, na mzee akijua kwamba mmekopa, kila tonge humkwama kooni.

Usiku wenyewe sina haja ya kuueleza kwa urefu. Kijana wa nyumba ile alikuja kumvutia Baba kiti. Baba aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti kwa kitambo, kama mtu ajaribuye mbao, kisha akaketi. Kabla ya kuagiza lolote alimwuliza kijana jina lake na kwao ni wapi. Na kila sahani zilipoletwa aliisogeza bilauri yake ya ukwaju ili mkono wa kijana upate nafasi. Dada yetu aliyekuja kutoka Mombasa kwa moyo mzito aliona meza yetu haina wa kumtahayarisha, akawa wa kwanza kucheka. Ndugu yetu wa Doha aliuliza kwa simu, "Baba, steki yaonaje?" Baba akajibu, "Nzuri, mwanangu. Lakini samaki wa mama yako amepita." Sote tukacheka, na aliyeleta fedha alicheka zaidi.

Basi, msomaji, usidhani kwamba nimekupa sifa za nyama au za bilauri. Nyama ya ghali yaweza kuwa tusi ikiwekwa mbele ya asiyeitaka, na mishikaki ya shilingi chache yaweza kuwa karamu ya mfalme. Mara nyingi heshima iko katika kujua mtu alinyimwa nini kwa muda mrefu, ukampa hicho. Mmoja alinyimwa chakula, mpe chakula. Mwingine alinyimwa mapumziko, mpe mapumziko. Mwingine alishiba miaka yote lakini hakupata kuvutiwa kiti. Huyo mvutie kiti, uhakikishe kwamba meza ni safi kwa dini yake, njia ni salama kwa miguu yake, na malipo ni halali kwa mfuko wako. Kwa kweli ukijua usiku ni wa nani, swali la wapi huwa dogo. Na usipojua, nyumba zote za pwani, kutoka Pate mpaka Mombasa, hazitatosha kukusaidia.