Msala, Gitaa na Tafsida

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Walioitunga methali hiyo hawakuona haja ya kuipamba, na yamkini hawakudhani kuwa wajukuu wao wangeikariri madarasani huku wakienda kinyume chake majumbani. Methali hii ndiyo iliyokuwa haikauki kinywani mwa mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili iliyo viungani mwa Nairobi. Ni mtu wa makamo, mpole wa kauli, ambaye wenzake katika chumba cha walimu walimjua kwa maoni mawili tu. La kwanza, kwamba ustaarabu wa mji haupimwi kwa majumba yake marefu bali kwa vyoo vyake vya umma. La pili, kwamba muziki wa roki, huo wa magitaa yanayonguruma na waimbaji wanaopiga mayowe, unastahili heshima ambayo Wakenya wengi wameunyima.

Wenzake walicheka. Walimwona kama mtu aliyeokota vitu viwili jaani na kuvitia katika kapu moja. Waama, kwa mwalimu huyu hayo hayakuwa maoni mawili. Yalikuwa moja lenye nyuso mbili, na asili yake ilikuwa somo analolifundisha kila mwaka: tafsida.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kuwa lugha hii ina staha. Mtu haambiwi waziwazi anakokwenda na anachokwenda kufanya. Huenda haja, hujisaidia, huenda msalani au maliwatoni. Neno choo lenyewe hutaja mahali na hutaja pia kinachoachwa mahali hapo, ndiyo sababu daktari humuuliza mgonjwa kama amepata choo. Hata hivyo, neno ambalo mwalimu alipenda kulifafanua zaidi ni msala. Neno hilo hilo moja ni jina la mkeka wa kusalia na pia ni jina la faragha ya kujisaidia. Wanafunzi waliponong'ona na kuchekeana, yeye aliwaambia, "Mswahili hakuona tusi hapo. Pote pawili ni mahali pa usafi. Mtu huingia peke yake na hali yake, na hutoka akiwa mwepesi."

Kufikia hapo tafsida ni pambo la lugha na dalili ya adabu. Taabu huanza inapotoka ulimini na kuingia katika makadirio ya fedha. Kisichotajika mkutanini hakijengwi. Kiongozi hufungua barabara, soko na uwanja kwa mbwembwe na kukata utepe. Nadra aonekane akikata utepe mlangoni mwa choo. Wanaokumbuka Nairobi ya miaka ya 1990 wanajua matokeo yake. Vyoo vingi vya katikati ya mji vilikuwa vimebomoka, vimefungwa au vimegeuka maficho ambayo mtu mwenye akili timamu hakuyakaribia. Chokoraa waliwasimamisha wapita njia wakiwa na kinyesi mkononi, na aliyekataa kutoa sarafu alitishiwa kupakwa. Huko Kibera, watu wasiokuwa na choo karibu walijisaidia usiku katika mifuko ya plastiki na kuivurumisha gizani. Mabingwa wa mzaha wakaibandika jina la vyoo vipaavyo. Huo nao ulikuwa tafsida ya aina yake, maana kicheko kiliifunika fedheha na maisha yakaendelea.

Kwa mwalimu huyu mambo hayo hayakuwa nadharia. Anaugua kisukari, na mgonjwa wa kisukari hawezi kuliambia kibofu chake lisubiri. Wengine huijua Nairobi kwa majina ya barabara na maduka. Yeye huijua kwa vyoo. Anajua ni hoteli gani ambayo mlinzi wake haulizi maswali, na ni kituo gani cha matatu ambacho hakifai kuteremkia. Anajua pia, kwa kuwauliza, kuwa baadhi ya akina mama wanaouza mboga kando ya barabara hawanywi maji tangu alfajiri hadi jioni, si kwa kukosa kiu bali kwa kukosa pa kwenda.

Ndiyo maana alifurahi msanifu majengo David Kuria, kupitia shirika la Ecotact, alipoanzisha vyoo vya kulipia vilivyoitwa Ikotoilet katika miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii. Vilikuwa safi, vilikuwa na walinzi, na mtu aliweza hata kung'arishiwa viatu pale pale. Kama mwalimu wa sarufi alilalamika kuwa choo ni cha ngeli ya KI-VI na kwamba jina lilipaswa kuwa na "kiko". Alipokwisha kulalamika alikiri kuwa jina hilo lilikuwa na ujasiri ambao Kiswahili sanifu hakikuwa nao, kwani lilitangaza barabarani, bila haya, kwamba choo kipo. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010, ambayo Ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha kuridhisha cha usafi wa mazingira. Hata sheria kuu ya nchi, basi, ilikuwa imeona haifai kulinyamazia jambo hilo.

Na roki je? Kisa chake kilianzia chooni, kwa maana halisi ya neno. Mwaka 1998 mwalimu huyu alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni. Ilikuwa enzi ya hofu. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi alikuwa ameunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, na uvumi ulitapakaa mabwenini kuwa roki ikichezwa kinyumenyume hutoa sauti ya Ibilisi. Kijana huyo alikuwa na kanda tatu alizoachiwa na binamu yake aliyekwenda ng'ambo. Hakuyaelewa vyema maneno yaliyoimbwa, lakini alipoomboleza kifo cha mamaye muhula uliotangulia, ni mayowe ya kanda hizo tu yaliyolingana na ukubwa wa kilichokuwa kifuani mwake. Nyimbo za kanisani zilimtaka atulie. Kanda zile hazikumtaka chochote. Siku ya ukaguzi zilipatikana chini ya godoro. Mwalimu wa zamu alizikanyagakanyaga, akamwamuru azichukue kwa mikono yake mwenyewe akazitumbukize katika choo cha shimo. "Uchafu urudi kwenye uchafu," alisema.

Kauli hiyo ilimkaa rohoni. Alipokuwa mtu mzima alianza kuisoma historia ya muziki ule, akagundua kuwa aliyeitamka hakujua alivyokuwa amekaribia ukweli. Wapo wanaodai kuwa roki ni kelele za Wazungu. Ilhali mizizi yake imo katika muziki wa watu weusi wa Marekani, na miongoni mwa walioiasisi ni Sister Rosetta Tharpe, Chuck Berry na Little Richard. Hata Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kisiwani humo kumkumbuka ilifutwa kwa sababu ya upinzani, na mwaka 2019 jumba la makumbusho yake likafunguliwa Mji Mkongwe. Tunachokionea haya leo huenda kesho tukakitoza kiingilio.

Ila lililomgusa zaidi ni lile la Marekani. Katika majimbo ya kusini, kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, milango ya vyoo vya umma ilikuwa na vibao vilivyowatenga weupe na weusi, na mahali pengi mtu mweusi hakuwa na choo kabisa. Wanamuziki weusi waliweza kuujaza ukumbi, wakawachezesha vijana wa rangi zote hadi jasho likawatoka, na usiku wa manane wakiwa safarini wakakatazwa kuingia msalani katika kituo cha petroli. Mikono yao ilishangiliwa jukwaani na miili yao ikakataliwa mlangoni. Wazee waliouona ukoloni hapa kwetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Nao walikuta milango ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na hawakuhitaji kujua kusoma ili kufahamu upi ulikuwa wao. Mwalimu alihitimisha kuwa mlango wa choo ni waraka. Husema ni nani anayehesabiwa kuwa mtu.

Mfano wake wa mwisho, ambao wanafunzi wake waliupenda, ulihusu bendi ya Rolling Stones ya Uingereza. Mwaka 1968 bendi hiyo ilitayarisha albamu iitwayo Beggars Banquet, yaani karamu ya ombaomba. Picha ya jalada ilikuwa ukuta wa choo uliojaa maandishi ya ovyoovyo. Kampuni za kutoa santuri zilikataa katakata. Albamu ikatoka katika jalada jeupe lililofanana na kadi ya mwaliko, na picha ya choo ikasubiri hadi miaka ya 1980 ndipo ikatumika. "Muziki wa ndani ulikuwa ule ule," mwalimu aliwaambia. "Kilichobadilika ni tafsida." Kwa hoja hiyo aliamini kuwa amekwisha kuyafunga maoni yake mawili kwa kamba moja. Staha huficha, roki hufichua. Na nchi inayotaka vyoo haina budi kujifunza kupiga mayowe.

Aliishi na imani hiyo hadi siku moja ya likizo ya Agosti, alipopanga foleni katika choo kimoja cha kulipia karibu na kituo cha matatu. Mbele yake alikuwa ajuza aliyejifunga leso mbili, mkoba ameukumbatia, miguu yake haitulii.

"Nyanya, ni shilingi kumi," mhudumu alisema.

"Nina hii tu, mwanangu." Alinyoosha noti ya shilingi elfu moja.

"Sina chenji. Labda utume kwa M-Pesa."

"Simu iko na mjukuu wangu hospitalini."

Foleni ilinyamaza. Hakuna aliyemtazama usoni. Mwalimu aliona ile leso ya chini ikianza kulowa ukingoni, kidogo tu, na akamwona bikizee huyo akiukaza uso wake mithili ya mtu anayebeba mzigo mzito mbele za watu. Aliweka shilingi ishirini mezani upesi. "Mpishe mama aingie." Ajuza hakuweza kushukuru wakati huo. Alipotoka, muda mrefu baadaye, alikuwa amenawa uso na kuifunga ile leso nyingine juu ya ile ya kwanza. Alisema, "Mungu akuweke, mwanangu," kisha akajipotezea katika umati.

Mwalimu alipoingia aligutuka. Kutoka kwa redio ndogo iliyofungwa juu ya ukuta, gitaa lilikuwa likinguruma. Ilikuwa roki, tena ya zamani. Akitoka alimuuliza mhudumu, "Kijana, unaipenda roki?"

"Hapana, mzee," kijana alijibu. "Siielewi hata kidogo. Wateja wangu huona haya. Mtu akijua anasikika nje, hujizuia mpaka akaumia, hasa kina mama. Nikiweka injili, wengine huona nimewakosea adabu. Hii ni kelele tupu. Hakuna anayesikika, kila mtu anajisaidia kwa amani."

Mwalimu alitembea hadi kituo kinachofuata bila kupanda gari. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha kuwa roki ni adui wa tafsida, na kijana asiyeijua roki alikuwa ameigeuza kuwa tafsida iliyo bora kuliko zote. Ndipo alipotambua kuwa zipo tafsida mbili. Ipo inayolificha jambo, ili wenye uwezo wasilazimike kulishughulikia. Na ipo inayomsitiri mtu, ili aweze kuifanya haja yake bila kudhalilika. Ya kwanza ilizitupa kanda zake shimoni na kuiacha Nairobi bila vyoo. Ya pili ni mlango unaofungika, maji ya kunawa, leso ya pili, na kelele za gitaa juu ya ukuta. Hata yale mayowe ya kanda zake tatu, alipoyatafakari upya, hayakuwa yamefichua huzuni yake mbele ya bweni zima. Yalikuwa yameisitiri.

Muhula uliofuata kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni mwake. Ajenda kuu ilikuwa lango jipya la chuma lenye jina na kaulimbiu ya shule. Vyoo vya wasichana havikuwa na makomeo, na kila mwalimu alijua kuwa wasichana huenda wawili wawili, mmoja akiingia na mwenzake akiushika mlango kwa nje. Suala hilo lilikuwa limeandikwa katika kumbukumbu za mikutano mitatu kwa jina la "masuala mengine ya usafi". Mwalimu alisimama. Hakusema msala wala maliwato. Alisema vyoo, akasema wasichana, akasema milango haifungiki, na akakaa. Mzazi mmoja alicheka. Mama mmoja wa safu ya nyuma hakucheka. Aliuliza komeo moja ni shilingi ngapi.

Lango bado halijasimama. Seremala alikuja wiki iliyofuata na kisanduku chake cha misumari, akafanya kazi kuanzia asubuhi hadi saa nane. Siku hizi wasichana huingia mmoja mmoja.