KALAVATI LIKIZEEKA, BARABARA HUKATIKA

Ndugu msomaji, mwezi huu twende safari. Tunatoka Morogoro, tunakwenda Dodoma. Njia hii ina urefu wa kilomita 260 hivi. Ni barabara kuu ya lami. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapa kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mahindi ya Gairo na Kibaigwa hupita hapa kwenda mjini. Mgonjwa wa kijijini akipelekwa hospitali kubwa, naye hupita hapa hapa.

Tukitoka Morogoro tunaingia katika tambarare ya Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga. Tunavuka Mto Wami. Tunafika Magole na Dumila. Baada ya Dumila barabara huanza kupanda. Hapo tunaona milima ya Ukaguru. Tukifika Gairo tunasikia baridi. Wenyeji wa huku hulima mahindi, maharage na viazi. Mbele yetu kuna Pandambili, kisha Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi.

Abiria wengi hutazama milima. Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu imenizoesha kutazama chini, yanakopita maji. Njiani tunavuka makorongo mengi. Mengine yana madaraja. Mengine maji yake hupita ndani ya bomba lililofukiwa chini ya barabara. Bomba hilo ndilo kalavati. Gari hupita juu, maji hupita chini.

YALIYOTOKEA KIYEGEYA

Mwezi Machi 2020 mvua kubwa zilinyesha. Barabara hii ilikatika pale Kiyegeya, wilaya ya Gairo, mahali ambapo maji ya korongo hupita chini ya barabara. Mabasi na malori yalikwama pande zote mbili. Magari mengine yalizunguka kwa njia ya Iringa. Safari hiyo ni ndefu zaidi ya mara mbili.

Fikiri, ndugu msomaji. Barabara ni ndefu kilomita 260. Lakini mita chache tu zikikatika, barabara yote haina kazi. Mahindi hayafiki sokoni. Dawa hazifiki zahanati. Mama mjamzito anakwama njiani.

NAMNA KALAVATI LINAVYOZEEKA

Kalavati huzeeka kama nyumba. Bomba la chuma huliwa na kutu. Kutu huanza chini, kwa sababu maji na mchanga husugua hapo kila masika. Bomba la zege huachana kwenye maungio.

Maji yakipata tundu, hutoka nje ya bomba na kubeba udongo. Kidogo kidogo, pango hutokea chini ya lami. Juu, lami bado ni nzima. Dereva haoni kitu. Siku moja lori lenye mzigo mzito linapita, na lami inazama.

Lakini mara nyingi kalavati hutoa dalili kabla ya kuvunjika. Zitazame dalili hizi:

1. Lami imebonyea juu ya kalavati, au ina ufa unaokata barabara.
2. Kuna shimo kando ya barabara, na kila mvua shimo linakua.
3. Maji yanatoka kwenye udongo pembeni ya bomba, si ndani ya bomba.
4. Maji yamechimba shimo refu kwenye mdomo wa kutokea.
5. Bomba limejaa mchanga, mabua au takataka.

Ukiona dalili moja, mwambie mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo. Usingoje mvua ya pili. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NAMNA LINAVYOTENGENEZWA

Kazi hii hufanywa kiangazi, wakati korongo limekauka. Kwanza mafundi hutengeneza njia ya mchepuko ili magari yaendelee kupita. Kisha huchimba barabara na kutoa bomba bovu.

Baadaye huchagua bomba jipya. Hapa pana hesabu ya kukumbuka. Bomba lenye upana wa sentimita 120 si kubwa mara mbili ya bomba la sentimita 60. Tundu lake ni kubwa mara nne. Tena bomba kubwa haliziba upesi, na mtu anaweza kuingia kulisafisha.

Bomba hulazwa juu ya kitanda kigumu, lenye mteremko kidogo ili maji yasituame ndani. Maungio huzibwa kwa saruji. Kisha udongo hurudishwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka sentimita 15 hivi, na kushindiliwa. Upande wa kulia na wa kushoto hujazwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia, bomba husukumwa na kuhama.

Kwenye midomo yote miwili hujengwa ukuta wa kuzuia udongo. Mahali maji yanapotokea huwekwa sakafu ya mawe, au masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Hapo maji hupunguza nguvu.

Zege hunyweshewa maji kwa siku 7 au zaidi. Hupata nguvu zake kamili baada ya siku 28 hivi. Kwa hiyo, ukiona njia bado imefungwa ingawa zege linaonekana gumu, usiondoe mawe yaliyowekwa na mafundi.

KAZI YETU SISI WANAVIJIJI

Barabara kuu hutunzwa na TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000. Barabara za vijijini hutunzwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Je, sisi hatuna kazi? Tunayo. Maji yanayovunja kalavati yanatoka wapi? Yanatoka mashambani kwetu.

Shamba la mlimani lisilo na matuta halinywi maji. Mvua ikinyesha, maji hukimbia na udongo wetu. Udongo huo ndio chakula cha mahindi. Ukifika barabarani, huziba kalavati. Hivyo tunapata hasara mara mbili: shamba linakonda, na barabara inakatika.

Lima kwa kukata mteremko. Weka matuta ya kukinga maji, na juu yake panda majani ya tembo. Majani hayo yatashika udongo na kulisha ng'ombe. Usilime hadi ukingoni mwa mto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka tuache mita 60. Usilime wala kujenga kando ya barabara kuu. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara.

Ardhi iliyochoka inaweza kupona. Huko Kondoa, mkoa wa Dodoma, mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizomomonyoka sana. Nyasi na miti vikaanza kurudi.

Mambo mengine ni rahisi. Usitupe mabua korongoni. Usichimbe mchanga karibu na kalavati. Usichukue waya wala mawe ya kalavati kwa kujengea banda. Waya wa kilo moja unaweza kuangusha basi zima.

Na mvua ikinyesha, maji yakapita juu ya barabara, usivuke. Usivuke kwa mguu, kwa baiskeli, wala kwa gari. Huwezi kuona kama chini ya maji hayo barabara bado ipo. Ngoja yapungue. Wazuie watoto wa shule nao.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kijiji chetu kina makalavati mangapi? Ni lipi lenye dalili ya ubovu?
2. Maji yanayofika kwenye kalavati hilo yanatoka kwenye mashamba yapi?
3. Tutapanda nini kuzuia maji hayo kabla ya masika? Nani ataanza, na siku gani?