Jua la saa tatu usiku

Haya jamani, salamu toka Urumqi, magharibi ya mbali ya China. Wengi mmeniuliza: je, China ni kubwa kama wanavyosema? Ndugu zangu, ichukueni Tanzania muizidishe mara kumi. Ni kilomita za mraba kama milioni 9.6, na imepakana na nchi 14. Toka Beijing nimekaa kwenye ndege saa nne na ushee, nikashuka nchi ile ile.

Ila kilichonishangaza zaidi ni saa. Urusi ina kanda za saa 11. China nzima ina moja tu, ya Beijing. Zamani zilikuwa tano, lakini baada ya Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949 ikabaki moja. Basi mwezi huu wa Juni, saa tatu na nusu usiku, jua la hapa bado linawaka na watoto wanacheza mpira nje!

Sisi Waswahili tumezoea kuhesabu saa kwa jua. Likichomoza, muda si mrefu ni saa moja. Likizama, tunaanza upya. Mkulima wa Singida haihitaji Dar es Salaam imwambie kumekucha.

Watu wa hapa nao wana hesabu yao. Wauighur wengi hutumia saa ya kienyeji, iliyo nyuma ya Beijing kwa saa mbili. Wahan hutumia ya Beijing. Ukiahidiana na mtu lazima uulize: saa ipi? Jibu lake litakuambia mengi kuhusu yeye ni nani.

Na si jambo la utani. Mwaka 2018 shirika la Human Rights Watch liliripoti habari za mtu aliyetiwa kizuizini kwa kuweka saa yake ya mkononi kwa majira ya Urumqi. Saa tu, jamani.

Jana nilimuuliza muuza mikate mmoja saa ngapi. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akanitajia ya Beijing. Saa ya ukutani nyuma yake ilikuwa inasema nyingine. Sikuuliza zaidi.

Kesho kutwa napanda treni kwenda Kashgar, magharibi zaidi, ambako jua linachelewa zaidi. Nitawaandikia nikifika. Wewe msomaji, ungekuwa yule muuza mikate, ungenitajia saa ipi?